Siku Jeki Aliposhusha Gari

Kaka yangu wanamwita Jeki, na jina hilo hakupewa na wazazi. Alipewa na watu wa sokoni, kwa sababu ya kile chuma cha kunyanyulia gari ambacho anatembea nacho kama wenzake wanavyotembea na kofia. Kwake yeye ugonjwa wowote wa dunia hii una dawa moja tu: kinyanyue. Ghala limeingiwa na panya? Lipande juu ya nguzo. Kuku wanaliwa na kicheche? Banda lipande. Mlango unakwaruza sakafu, meza inayumba, mbuzi wanakula miche, utamwona huyo anakuja na jeki lake begani, anachuchumaa, anafinya jicho moja, anasema, "Tunainua." Siku moja nililalamika kwamba mgongo unaniuma, na naapa nilimwona akikitazama kitanda changu kwa jicho hilohilo.

Mimi ni mdogo wake. Tunaishi kiwanja kimoja tangu mume wangu afariki, yeye nyumba ya mbele, mimi ya nyuma. Yeye mpole, mimi mdomo. Tukisubiri asimulie mwenyewe habari zake tutaota mvi zaidi ya hizi, kwa hiyo nasimulia mimi.

Kiwanja chetu kiko bondeni. Ardhi nzuri ya kulima, lakini mvua ikichachamaa mto unapanda kuja kutusalimia. Nyumba ya mbele ilikuwa ya marehemu baba yetu, ya matofali, sakafu yake sawa na uwanja. Na mbele ya nyumba kulikuwa na lori. Kaka alilinunua likiwa limeshachoka, likambebea mchanga na mawe kwa muda, kisha likamzimikia palepale uani. Hapo likabaki, limekaa juu ya mawe, kuku wakitaga chini ya kiti cha dereva.

Sasa wifi yangu, mke wa Jeki. Loo, yule mwanamke! Alikuwa akianza kucheka kabla hajasema kinachochekesha, mpaka wewe unacheka bila kujua unacheka nini. Siku niliyorudi hapa mjane, na mabegi yangu, kila mtu alinitazama kama mgonjwa. Yeye akanikumbatia akaniambia, "Wifi, lia mpaka uchoke, halafu uje unisaidie kupukuchua mahindi." Nililia, nikachoka, nikaenda kupukuchua. Ndiyo maana alipokuja kuondoka, kaka hakuwa peke yake katika kumkumbuka. Mimi pia nilimkumbuka, ila mimi sikuwa na jeki.

Mwaka mmoja maji yaliingia mchana kweupe. Yalipita mlangoni bila kubisha hodi, sufuria zikaelea, godoro likanywa mpaka likashiba. Kitanda chao cha chuma kilisimama kwenye tope mpaka miguu ikaanza kuliwa na kutu. Wifi alipanda juu ya meza, redio kichwani, akicheka huku anatupigia kelele tuokoe hiki na kile. Alicheka mpaka alipoiona picha ya mama yake inapita sebuleni inaelea. Hapo akashuka mezani, akaingia kwenye maji, akaichukua, na kicheko kikaishia hapo.

Maji yalipotoka, kifua kikaanza kumbana. Unyevu haukutoka ukutani, na usiku alikuwa akikohoa mpaka mimi huku nyuma naamka. Binti yao wa mjini naye alikuwa mjamzito, siku zake zimekaribia, akaomba mama yake aende. Ikaonekana ni heri: mama akapate hewa kavu, binti apate msaada. Wifi akafunga mzigo.

Siku ya kuondoka alisimama mbele ya lori, akalipiga teke tairi lisilo na upepo, akamwambia kaka:

"Baba watoto, mimi naenda kulea mjukuu. Lakini nakwambia, na wifi awe shahidi. Siku nyumba hii itakapokuwa haiingii maji, na siku dude hili litakapotembea, uje unichukue nalo. Nikae mbele, kioo kimeshushwa, watu wote wa sokoni wanione. Kwa basi sirudi, ng'o!"

Alikuwa anatania. Binti aliyekuja kumchukua alicheka, mimi nilicheka, yeye mwenyewe ndiye aliyecheka zaidi. Kaka peke yake hakucheka.

"Sawa," akasema.

Mjukuu akazaliwa, akatambaa, akasimama dede. Binti akapata kazi ya zamu, mtoto hana wa kuachiwa, wifi akawa anasema nikimaliza hili, nikimaliza lile. Na kaka naye huku ana yake ya kumaliza. Mara mtoto ameanza shule. Mara ameng'oka meno ya mbele. Na kitanda cha Jeki bado kilikuwa kinalaliwa upande mmoja, upande wa pili shuka haina hata mkunjo. Nilikuwa nikiingia kumfagilia naona hivyo, natoka haraka.

Simu kwetu ilishika mahali pamoja tu, napo ni juu ya bodi ya lori. Kila Jumapili jioni kaka alinawa grisi mikononi, akavaa shati la vifungo, akapanda juu ya lori, akapiga, kisha nyundo aliyoisahau mkononi akailaza kwenye bati. Alizungumza kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya mto, kana kwamba mjini wanamsikia kwa masikio matupu, na simu yenyewe aliipaza hata mimi chini nikasikia majibu.

"Hujambo, mama watoto!"

"Sijambo, baba watoto."

"Kifua?"

"Kimepona."

"Mgongo?"

"Upo."

"Magoti?"

"Yapo."

"Haya. Na mimi nipo."

Kisha wananyamaza. Watu wazima wawili, kila mmoja ameshika simu, hakuna anayesema kitu, na hakuna anayekata. Mimi niko chini nachambua mboga, natamani kumnyang'anya simu nimwambie wifi: huyu mtu anakonda! Anakula amesimama! Anaongea na gari! Lakini alikuwa ameniapisha. Habari za nyumba na za lori wifi asizisikie. Alitaka siku moja atokee tu mlangoni kwa binti, apige honi.

Nyumba ndiyo aliyoanza nayo. Alisomba mawe kutoka kilimani kwa toroli, akajaza ndani, akashindilia, akamwaga saruji juu yake. Sakafu ikapanda mpaka tukaanza kugonga vichwa kwenye fremu ya mlango. Akainua kuta. Kuta zikakutana na paa. Siku ya kuinua paa watu walitoka sokoni kuja kutazama, kaka anazunguka kona hadi kona na majeki ya kuazima, anazungusha kidogo hapa, kidogo pale, bati zinalia, mimi nimefumba macho. Paa likapanda kama kifuniko cha sufuria. Halikuanguka. Choo nacho kikapandishwa. Jiko nalo. Na mbele ya nyumba akajenga ngazi za saruji, pana, nzito, zimelainishwa kwa mwiko mpaka jicho linateleza juu yake.

"Kaka, ngazi zote hizi za nini? Unajenga mahakama?"

"Maji hayapandi ngazi," akanijibu.

Na kweli, msimu uliofuata maji yalikuja, yakazunguka ngazi, yakachungulia, yakarudi yalikotoka. Kaka alisimama barazani mikono kiunoni. Sijawahi kumwona mtu anayatazama mafuriko kwa furaha namna ile.

Likabaki lori. Fundi wa gereji ya sokoni alikuja, akafungua boneti, akamkuta kuku amelalia mayai. Akaifunga taratibu asimsumbue.

"Jeki," akasema, "hili si gari tena. Ukilifufua, mimi nitakula spana."

Basi kaka akaanza mwenyewe. Injini aliitoa kwa mnyororo na magogo, akaifungua yote, akaitandaza. Akaitandaza wapi? Kwenye nyungo zangu! Naamka nipepete mchele, ungo umejaa nati. Beseni langu la kukandia unga nikalikuta limejaa mafuta meusi. Siku hiyo nilimfokea mpaka koo likakauka, nikamwambia mkeo amekimbia maji, mimi nitakimbia grisi. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Samahani, mdogo wangu," akasema. "Beseni nitakununulia lingine."

Halafu akarudi kwenye kazi yake. Na kazi yake ilikuwa ipi? Injini nzima iko kwenye nyungo, tairi hazina upepo, breki hakuna, na yeye amekaa siku ya tatu anahangaika na kioo cha mlango wa abiria. Amekitoa, amekisafisha, anatafuta kwa nini hakishuki.

"Kaka, kioo ndicho kitakachovuta gari?"

Hakuniangalia. "Alisema kioo kiwe kimeshushwa."

Nilienda jikoni nikalia kidogo, nikamchemshia chai.

Lori liliwaka siku ambayo hata yeye alikuwa hategemei. Lilikohoa, likatoa moshi mweusi, kuku wakatawanyika wakilaani, kisha likaanza kunguruma kwa mkupuo mmoja. Nilipiga vigelegele peke yangu uwanja mzima. Kesho yake sokoni watu walimletea fundi wa gereji spana kwenye sahani, na chumvi pembeni. Alivumilia wiki nzima.

Kilichobaki ni barabara. Njia ya kutoka kwetu bondeni ni mawe matupu, na safari ya kwanza ya majaribio lori likakwaruza tumbo vibaya kwenye mwamba wa pale kwenye kona. Kaka akashuka, akachuchumaa, akafinya jicho. Nilishajua.

"Tunainua," akasema.

Akaongeza vyuma vya springi, akaweka tairi kubwa alizozitoa kwenye gari chakavu la kubebea kokoto. Lori likapanda. Likawa refu kiasi kwamba nikisimama kando yake, kitasa cha mlango kiko sawa na kichwa changu. Lakini mwambani lilipita bila kugusa, na kaka aliporudi alikuwa anaimba. Jeki anaimba! Nikajua safari imefika.

Tulitoka asubuhi, yeye na mimi. Kunipandisha ilikuwa kazi ya bega lake na kelele zangu. Kiti cha dirishani alinikataza. "Hapo pana mwenyewe," akasema, nikakaa katikati, gia inanigonga goti njia nzima. Alikuwa amevaa shati lile la Jumapili. Tulipopita sokoni watu walipunga mikono, naye akapunguza mwendo, akawa anatazama kioo kile kilichoshushwa na kiti kile kitupu, akipima watu watamwonaje mkewe akiwa hapo.

Binti anakaa mtaa mwembamba, nguo zimeanikwa huku na huku, vyumba viwili vinavyotazama mfereji. Kaka alipiga honi mpaka vyombo vikatikisika kwa majirani. Watoto wakajaa. Binti akatoka, mkono mdomoni. "Baba! Shangazi! Na lori?" Akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, akarudi ndani mbio.

Ndipo wifi akatoka.

Alitoka na fimbo. Ilitangulia fimbo, ukaja mguu mmoja, kisha ule wa pili ukafuata umenyooka kama mti, haukunjiki. Mimi nilikuwa nimeshafungua mikono kumkimbilia, mikono ikabaki hewani. Nywele zilikuwa zimekuwa nyeupe. Lakini uso ulikuwa uleule, na kicheko kilikuwa kimeanza kabla hajafika.

"Baba watoto wee! Umelifufua! Umelifufua kweli dude hili!" Akalipiga tairi kwa fimbo. Hakuweza kulipiga teke. "Wifi, umeona? Nilisema mimi, sikusema?"

"Ulisema, wifi yangu," nikajibu.

Hakutaka hata kukaa. Mzigo aliufunga palepale, kitenge kimefungwa fundo juu, akavaa viatu, akambusu mjukuu. Kaka akafungua mlango wa abiria, akasimama kando yake kama mlinzi wa benki. Na wifi akaja mpaka hapo, akainua uso, akatazama juu.

Alijaribu. Aliweka fimbo chini, akashika kitasa kwa mikono miwili, akainua ule mguu mzuri. Mguu ulifika, lakini ule mwingine ulitakiwa kumsukuma, na goti halikutaka. Niliona uso wake unavyobadilika. Akajaribu tena. Vijana wa mtaani wakasogea, tukubebe mama, tukunyanyue tu mara moja.

"Niacheni!" akasema. "Mimi si gunia."

Akaokota fimbo, akaegemea tairi. Kaka alikuwa bado ameshika mlango.

"Magoti nilikuuliza," akasema kwa sauti ndogo. "Kila Jumapili nilikuuliza. Ukasema yapo."

"Si yapo? Yameenda wapi?" Alicheka kidogo. Kisha akauliza, "Na nyumba? Maji?"

"Hayaingii."

"Umefanyaje?"

Kaka akafuta kitasa kwa kiganja. Nikajibu mimi, maana mdomo wangu haujui kukaa. "Ameinua, wifi. Kuna ngazi."

"Ngazi? Nyingi?"

Nikainua mkono kumwonyesha urefu wake.

"Na choo?"

"Juu," kaka akasema.

"Na jiko?"

"Juu."

Wifi alianza kucheka. Alicheka akishika ubavu, alicheka machozi yakatoka, binti naye akaanza kucheka kwa kumfuatisha. Halafu tukaona machozi yanaendelea na kicheko kimeacha.

"Umenijengea mbinguni, baba watoto," akasema. "Na mimi bado niko chini huku."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia ungeacha. Unafikiri nilikuwa sisikii? Ukipiga simu, kabla hujanisalimu, nilikuwa nasikia unaweka nyundo. Kila Jumapili nilikuwa nasikia nyundo inawekwa kwenye bati. Nikawa najisemea, huyu mzee bado ananitaka. Goti lilianza taratibu, likawa linazidi, nikasema akijua atasema basi, kaa hukohuko kwa mwanao. Na mimi nataka kwetu."

Kaka akaufunga mlango wa lori taratibu. Wifi akauchukua ule mzigo wa kitenge, akampa.

"Tangulia na huu. Mimi nitaufuata. Lakini dude hili lishuke kwanza."

Tulirudi hivyo. Mzigo wa wifi kaka aliukalisha kwenye kiti cha dirishani, akaufunga kwa kamba usianguke, kioo kimeshushwa. Sokoni watu walikuwa wamejipanga kutupokea, wakaona mzigo, wakashusha mikono. Sikumtazama kaka usoni, na yeye hakunitazama.

Kesho yake asubuhi nilimkuta uani amekaa chini, anafunga mguu wake. Alikuwa amechukua kipande cha ubao, amekiweka nyuma ya goti, anakizungushia mpira wa ndani wa tairi, anaukaza.

"Ala! Umeumia?"

"Sijaumia."

"Sasa?"

Akakata tawi, akalifanya fimbo, akasimama. Na siku ile yote, nawaambia, kaka yangu alitembea kiwanja kizima na goti lisilokunjika. Alijaribu ngazi zake mwenyewe, akakwama kwenye ya pili. Alijaribu kizingiti cha jiko. Aliingia chooni, nikasikia anaanguka, nikataka kwenda, akapiga kelele, "Usije!" Alijaribu kuchota maji bombani, bomba liko chini, ndoo haifikiki. Kila alipokwama alikaa kidogo, anapumua, anapatazama mahali hapo. Jioni alikuja akaegemea ukuta wangu, jasho linamtoka.

"Mdogo wangu," akasema, "nyumba hii nimemjengea nani?"

Hapo hasira zangu zote za miaka ziliisha. Nilimfungua ule mpira mwenyewe. Ulikuwa umeacha alama nyekundu.

Nyumba haikuweza kushuka, maji yangerudi. Kwa hiyo aliacha nyumba juu akaileta ardhi. Alivunja ngazi zake zile nzuri kwa nyundo, akatumia mawe yaleyale na udongo, akatengeneza njia ya mteremko, ndefu, ya taratibu, inaanza pale lori linaposimama, inapita jikoni, inafika barazani, na tawi lake moja linakwenda chooni. Pembeni akaweka bomba la kushikilia. Kisha akaja kunitoa jikoni kwangu.

"Tembea kama wifi yako."

"Nini?"

"Tembea. Nione."

Nikachukua fimbo, nikakaza goti, nikapanda. "Tena," akasema. Nikashuka, nikapanda. Alisimama chini, jicho moja amelifinya, ananitazama, lakini nilijua haniangalii mimi. Nilipanda na kushuka mteremko ule nikiwa wifi yangu, na machozi yananitiririka, na yeye anasema, "Hapo kuna kibonde. Subiri. Tena."

Lori nalo likashuka. Watu wa sokoni waliposikia Jeki anashusha walikuja kuhakikisha. Alitoa vyuma vya springi alivyoviongeza, akarudisha tairi za zamani. Na chini ya mlango wa abiria akafunga kidaraja cha kukanyagia, karibu kabisa na ardhi, kipana. Nilipokitazama nikakitambua. Kilikuwa ubavu wa kile kitanda chao cha chuma kilicholiwa na mafuriko. Ameupiga msasa, ameupaka rangi ya kijani. Fundi wa gereji, ambaye siku hizi alikuwa na adabu, ndiye aliyemchomelea.

"Sasa utapitaje mwambani?" fundi akamwuliza. "Mvua hizo zinakuja. Gari liko chini, litakwama."

"Litakwaruza," kaka akasema. "Likwaruze."

Wingu lilikuwa limeshakaa kilimani alipoondoka. Mara hii sikwenda, nilibaki kufagia, kutandika, kuwasha jiko. Nilitandika kitanda kipya alichonunua kaka, pande zote mbili. Matone ya kwanza yakaanza kugonga bati na mimi niko barazani, natazama kona ya barabara. Mvua ikikolea njia ya mawe inageuka mto, na gari lililoshuka halipiti mpaka msimu uishe. Nilisimama hapo nimeshika nguzo, namwomba Mungu na kumfokea kwa wakati mmoja.

Nililisikia kabla sijaliona. Chuma kinakwaruza mwamba, sauti mbaya, ya kuumiza meno. Kikanyamaza. Nikasema limekwama. Kikakwaruza tena, kirefu, kisha injini ikanguruma, na lori likatokea konani, limelowa, tumbo limechubuka, kioo cha abiria kimeshushwa mvua yote inaingia ndani. Na mkono wa wifi uko nje ya dirisha, unapunga kwa watu ambao hawapo.

Lilisimama pale mteremko unapoanzia. Mlango ukafunguliwa. Ikatoka fimbo. Ukatoka mguu, ukakikuta kidaraja, ukatulia. Kaka alikuwa amezunguka mbio kumshika, akaambiwa, "Kaa hukohuko!" Akakaa hukohuko. Wifi akashuka mwenyewe. Akashika bomba, akaanza kupanda, mguu, fimbo, mguu, mvua inamnyeshea, hana haraka. Alipita pale palipokuwa na kibonde. Alifika barazani, akanishika shavu kwa mkono wenye maji.

"Wifi, umezeeka," akaniambia.

"Na wewe je?" nikamjibu, tukashikana.

Alichungulia ndani, akaona kitanda, akaona picha ya mama yake ukutani na doa la maji kwenye kona. Akageuka kumtafuta mumewe. Kaka hakuwa amepanda. Alikuwa ameketi kwenye kile kidaraja cha lori, kwenye mvua, kichwa kimeinama, mabega yanatikisika. Nilimwita. Hakuinuka. Nikasema nishuke nikamchukue, wifi akanizuia kwa fimbo.

Akageuka, akaanza kushuka. Mteremko uleule, mguu, fimbo, mguu, mpaka chini. Akasimama mbele yake.

"Sogea," akasema.

Kaka akasogea. Wifi akaketi kando yake, goti lake bovu amelinyoosha mbele, na mimi nikaingia jikoni kuongeza maji ya chai.